Tundu Nyuma ya Kochi

Saltley, Birmingham
Jumapili, 4 Oktoba 1970

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi na Mama ni wazima. Mama miguu inamuuma kidogo kwa sababu wodi yake ina vitanda ishirini na vinane na wauguzi wachache, lakini akivua viatu na kunywa chai hucheka kama kawaida yake. Natumaini Nyanya amepona kikohozi, na Walter anakwenda shuleni bila kutafutwa chini ya kitanda.

Leo ni majuma saba tangu nishuke ndege. Nyumba za mtaa wetu ni za matofali mekundu, zimeshikana ukuta kwa ukuta kutoka pembe moja ya barabara hadi nyingine, hata jirani akipiga chafya tunaweza kumwambia pole. Maktaba iko mwendo wa dakika kumi. Wanakupa vitabu vinne kwa mara moja, na hawaulizi umetoka nchi gani, wanauliza unakaa nyumba namba ngapi. Shuleni bado sisemi sana, lakini mwalimu wa historia amejifunza kutamka jina la ukoo wetu.

Jirani wetu wa kulia ni Bi Jasbir, Singasinga wa Kisumu. Walikuja miaka miwili iliyopita. Mumewe, Bwana Kewal, alikuwa fundi wa reli huko, na hapa ni kondakta wa basi. Siku ya kwanza Bi Jasbir aliniona nikifagia mlangoni akasema, "Wewe natoka Mombasa? Mimi natoka Kisumu. Basi sisi jirani mara mbili." Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini nilipokisikia nilitaka kumkumbatia. Niliona haya, nikaendelea kufagia.

Amemwomba Mama wabadilishane funguo. Majirani wa hapa hufanya hivyo: wako mmoja unakaa kwake, na wake unakaa kwako. Mzee wa upande wa pili hana hata haja ya jirani. Amefunga ufunguo kwa uzi nyuma ya tundu la kuingizia barua mlangoni, na wajukuu wake hutia mkono, huvuta uzi, huingia. Mama amesema atakuuliza wewe kwanza.

Sasa neno lenyewe. Mama anataka Walter aje mwaka ujao, mwezi wa Agosti, shule zikifungwa. Ameniambia nikuandikie mimi, kwa maana yeye akianza kuandika juu ya Walter kalamu inakwama.

Msalimie Nyanya sana.

Mjukuu wako,
Charity


Freretown, Mombasa
25 Oktoba 1970

Kwa mke wangu mdogo Charity,

Marahaba. Mke wangu mkubwa, yaani nyanya yako, amesikia nimekuita hivyo na amesema basi njoo upike wewe. Kikohozi chake kimekwisha, ulimi umebaki mzima. Walter ameng'oka jino la pili la mbele, na kanisani anaimba kwa mluzi bila kukusudia. Mimi bado naamka na kuingia karakanani. Nina mabenchi sita ya kanisa ya kumaliza, na mkono wa kushoto unanitii siku nne kati ya saba.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na ile sehemu ya uzi nimeisoma mara tatu. Mwambie mama yako hivi. Nimetengeneza milango miaka arobaini na mitatu, na kila mlango nilimkabidhi mwenye nyumba ufunguo mkononi mwake, sikumkabidhi jirani. Bi Jasbir huenda ni mtu mwema. Ufunguo usitoke nje ya nyumba.

Juu ya Walter. Marehemu baba yenu aliniachia watoto wawili, mmoja nimekwisha mpandisha ndege. Huyu wa pili sitampeleka mahali nisipopajua. Redio inasema wako watu huko hawataki wageni. Mzee mwenzangu hapa Kengeleni anasema mvua ya huko huozesha mifupa. Mimi nataka kusikia kwako. Wewe tangu mdogo ulikuwa unaangalia vitu kuliko kusema. Basi angalia, uniambie: mji huo ni salama kwa mtu aliyefika jana? Usinijibu kwa neno moja. Mpaka nijue, Walter hatoki hapa.

Nyanya anasema uvae soksi mbili.

Babu yako,
Bethuel


Saltley
15 Novemba 1970

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo wewe na Nyanya. Sisi wazima. Soksi ni mbili, na Jumatatu zilikuwa tatu. Mama amenunua koti la bluu la mtumba, zuri sana, na wagonjwa wamemwambia anafanana na daktari mkuu. Mwambie Walter hapa kuna chokoleti inayouzwa kwa umbo la senti.

Nimefanya ulivyoniagiza. Nilinunua daftari nikaandika juu yake "Usalama", na kwa majuma mawili nimeandika ninayoyaona kwa macho yangu tu, nikaacha ya kusikia.

Kwanza, maziwa. Asubuhi mtu wa maziwa hupita na kigari cha umeme, akaacha chupa kwenye kizingiti cha kila mlango, nje kabisa, barabarani. Zinakaa hapo mpaka mwenyewe aamke. Nimesimama dirishani asubuhi kumi na nne. Wizi nimeuona mara tano, na mwizi ni yule yule, ndege mdogo mwenye kifua cha manjano. Hutua juu ya chupa, hutoboa kile kifuniko cha bati jembamba, hunywa malai ya juu ya maziwa. Hakuna anayemfukuza.

Pili, mpira. Aston, jirani na hapa, kuna uwanja mkubwa. Jumamosi moja nilikuwa natoka kwa rafiki wa Mama huko, nikakutana na wanaume mia kwa mia wenye mitandio ya rangi ya damu ya mzee na buluu, wanaimba. Nilijibana ukutani na vitabu vyangu. Mmoja alisimama, akawanyoshea wenzake mkono, akaniambia, "Pita, mama, kabla hawa ng'ombe hawajakukanyaga." Nikapita.

Tatu, barabara. Hii ndiyo hatari ya kweli. Barafu ikishika njia huwezi kuiona. Nimeanguka mara mbili, na mara zote mbili mtu aliniinua kabla sijajua nimeanguka.

Nyumba yetu ina kasoro moja. Nyuma ya kochi, chini ukutani karibu na moto wa gesi unaotia chumba joto, fundi aliacha tundu la ukubwa wa tofali moja; vipimo vyake nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Lina wavu wa chuma tu, na upepo wote wa Uingereza unaingia hapo. Mama analala kwenye kochi hilo akitoka zamu ya usiku, kwa sababu chumba cha juu ni baridi zaidi, na upepo unampiga mgongoni. Sijui fundi alikuwa anafikiri nini.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Nadhani Walter atapenda ndege.

Mjukuu wako,
Charity


Freretown
6 Desemba 1970

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Tumeisoma barua yako mezani, na Walter ametaka kujua huyo ndege akikamatwa hufungwa miaka mingapi. Nyanya anamsifu yule mtu wa mpira, ingawa anasema mtu mwenye heshima hangewaita wenzake ng'ombe. Mabenchi manne yamekwisha.

Ripoti yako ni nzuri. Moyo wangu umelainika, lakini nusu. Nitaamua mvua za masika zikiisha.

Sasa juu ya hilo tundu. Huyo fundi alikuwa mvivu, akaishiwa na tofali jioni akaenda zake. Tundu lisilo dirisha wala mlango ni njia ya baridi, ya panya, na ya mkono wa mtu. Usitie matambara, matambara hulegea. Nimekuchorea kizibo. Ukate mbao mbili, uzigundishe, upande wa ndani uwe mwembamba kidogo kuliko wa nje, ndipo kitaingia na kukaza. Ukivishe kipande cha blanketi kuzunguka. Piga msasa mpaka kidole chako kisisikie kitu. Kikikaa sawasawa, ukishika mshumaa mbele yake mwali hautatikisika.

Najua unaweza. Ulikuwa unanishikia patasi kabla hujajua kusoma.

Krismasi njema kwenu wote wawili.

Babu yako,
Bethuel


Saltley
3 Januari 1971

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Krismasi tulikula kuku na wali wa nazi. Nazi ilitoka duka la Alum Rock Road, na Bwana Kewal aliivunja kwa nyundo akasema amekumbuka nyumbani. Mama alilia kidogo wakati wa wimbo kanisani, kisha akasema ni mafua.

Kizibo kimekwisha. Mbao nilizipata kwenye droo ya zamani iliyotupwa. Nilikwenda kwa Bwana Kewal kuazima msumeno. Aliniuliza wa nini, nikaona haya kumweleza habari za nyumba yetu, nikasema ni kazi ya shule. Nilikikata mara mbili, maana cha kwanza kilikuwa kinacheza. Cha pili kimeingia kama ulivyosema. Niliwasha mshumaa, na mwali ukasimama wima.

Mama alilala kwenye kochi saa sita mfululizo. Alipoamka alisema, "Baba yangu amenifunika blanketi kutoka Mombasa." Nimeona nikuandikie maneno yake yalivyo.

Tuko salama na tuna joto.

Mjukuu wako,
Charity


Saltley
28 Machi 1971

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Watu wa posta hapa waligoma, na kwa majuma mengi hakuna barua iliyotoka wala kuingia. Sisi ni wazima kabisa. Natumaini nanyi pia.

Pesa za hapa zimebadilishwa, na watu wote madukani wanahesabu kwa vidole kama watoto wa darasa la kwanza. Siku zimeanza kurefuka. Jua lilitoka Jumanne na Ijumaa. Alhamisi ilinyesha mvua nyembamba ambayo huisikii, unaiona tu kwenye nguo. Jana palikuwa na ukungu asubuhi, lakini uliondoka.

Kioo cha dirisha la jikoni kilivunjika mwezi wa Januari. Kimekwisha tiwa kingine.

Mama anauliza Walter sasa anavaa viatu namba ngapi.

Mjukuu wako,
Charity


Freretown
18 Aprili 1971

Charity,

Marahaba. Huku ni wazima. Nyanya amepanda mchicha. Mabenchi yote sita yako kanisani, na mchungaji amekaa kwenye kila moja kuyajaribu.

Mgomo wa posta niliusikia redioni. Redio ilisema pia kwamba umekwisha, tarehe nane Machi. Barua yako ni ya tarehe ishirini na nane. Barua zako huwa ndefu, na hii ina nusu ukurasa wa mvua na jua. Kioo umekipa mistari miwili, hukusema kimevunjwa na nani wala kwa nini. Nimetia vioo vingi maishani mwangu, Charity. Dirisha la jikoni halivunjiki likiwa limetulia. Mtu hulivunja akitaka kuingia.

Hukunitania hata mara moja. Na kizibo hukukitaja.

Nimezungumza na Nyanya. Walter amekwisha waaga watu wote wa Kengeleni, hata muuza mkate, hata mbuzi wa mchungaji. Nimemwambia aache kuaga. Hatakuja. Kama watu wanavunja dirisha la mama yako akiwa ndani, mimi sitamleta mtoto wa miaka minane hapo.

Kama nimekosea, niambie nilipokosea. Lakini niambie yote.

Bethuel


Saltley
9 Mei 1971

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo, na nakuomba radhi. Mama hajui ninaandika barua hii. Alisema, "Babu yako ana miaka sabini na mmoja. Ukimwambia hatalala." Lakini umesema nikuambie yote, na Walter ameacha kuaga kwa sababu yangu.

Kioo alikivunja Bwana Kewal. Nitaeleza tangu mwanzo.

Tangu tuweke kizibo, tulikuwa na joto na tulikuwa tunaumwa na kichwa. Tukasema ni mafua. Tarehe 23 Januari ilikuwa Jumamosi. Mama alirudi kutoka zamu saa mbili asubuhi, amechoka hata maziwa hakuyaingiza. Akalala kwenye kochi na sare yake. Nilikaa sakafuni, nikaongeza moto wa gesi mpaka mwisho, nikafungua kitabu. Nilisoma mstari mmoja mara nne bila kuuelewa. Jambo hilo halijanitokea tangu nijue kusoma. Nikaona niweke kichwa juu ya kitabu kidogo tu.

Baadaye nilisikia sauti kwenye tundu la barua, kana kwamba inatoka chini ya kisima. "Hodi. Charity, maziwa iko nje mpaka saa tano. Ndege nakunywa yote. Nyinyi nafanya nini?" Nilitaka kumjibu Bi Jasbir kwamba nakuja. Mdomo haukufunguka. Nikamsikia anamwita mumewe: "Kewal, leta nyundo." Angekuwa na ufunguo wetu hangehitaji nyundo.

Kilichofuata ni kioo kuanguka jikoni. Bwana Kewal aliingia kwa dirisha, akafungua milango yote miwili, akatutoa mmoja mmoja mpaka uani, kwenye theluji. Bi Jasbir alinifunika mtandio wake, akanipiga makofi mashavuni huku akisema, "Lala kesho, lala kesho." Mama alitapika. Halafu, kabla hajaweza kusimama, aliushika mkono wangu akaanza kuhesabu mapigo yangu. Wake hakuuhesabu. Tulipelekwa hospitali, tukarudi siku ya pili. Hatuna dhara lolote, nakuapia.

Bwana Kewal alikivuta kizibo kikatoka. Akakigeuzageuza, akapitisha kidole palipopigwa msasa. "Nani fundi ya hii?" akauliza. Nikasema mimi. "Hii ndio ile kazi ya shule?" Nikasema ndiyo. Hakufoka. Akasema, "Kazi safi sana. Hakuna hewa napita hata kidogo. Ndio maana karibu mazishi." Kisha akanieleza kwamba moto wa gesi unakula hewa ile ile tunayopumua, na tundu liliachwa kwa makusudi, kila nyumba ya barabara hii inalo, kwake pia lipo. Kama ningemwambia kweli siku ile ya msumeno angeniambia hapo hapo mlangoni.

Kwa hiyo kosa ni langu, Babu. Sikukuandikia kwa sababu mchoro ulikuwa wako, na nilijua utajilaumu. Mchoro ulikuwa sahihi kabisa kwa kizibo. Mimi ndiye niliyekuambia habari za tundu nusu nusu, na mimi ndiye niliyemdanganya jirani.

Na kwa kuwa naandika yote, liko jingine ambalo sikulitia kwenye daftari la Usalama. Mwezi wa Novemba, kwenye kituo cha basi, mtu mmoja mwenye kofia aliniambia nirudi kwetu. Nikamwambia ndiyo bwana, ndiko ninakokwenda, nangoja namba nane. Akaniangalia, akaondoka. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoelewa alichokusudia, na nililia kidogo. Mtu huyo yupo hapa. Na Bi Jasbir yupo hapa. Sijui wanahesabiwaje kwa pamoja, maana mmoja ni wa siku moja na mwingine ni wa kila siku.

Umeniuliza kama mji ni salama kwa mtu aliyefika jana. Dirisha lile lilivunjwa na mtu anayetutakia uhai, kwa sababu mkewe aliona chupa mbili hazijaingizwa. Hilo ndilo ningependa ulifikirie kabla hujakata shauri juu ya Walter. Ukisema haji, sitakusumbua tena.

Mjukuu wako anayekupenda,
Charity


Freretown
13 Juni 1971

Mke wangu mdogo Charity,

Marahaba, mara nyingi.

Barua yako ilifika majuma matatu yaliyopita. Niliisoma karakanani, peke yangu. Ni barua yako ya kwanza ambayo sikuisoma mezani. Siku mbili nilifunga mlango nikamwambia nyanya yako nina kazi. Siku ya tatu aliingia bila hodi, akaitoa mfukoni mwangu, akaisoma amesimama, akanirudishia. Akasema, "Pale juu ya dirisha letu umetoboa matundu mangapi?" Nikasema kumi na mawili. Akatoka.

Ni kweli. Kila nyumba niliyojenga hapa nimeacha matundu juu ya madirisha watu wapate hewa. Hakuna aliyewahi kuniambia niyazibe. Nilisikia neno baridi nikadhani watu wa huko wana mapafu mengine. Halafu nikamwita mvivu fundi mwenzangu ambaye sijamwona, naye alijua alichokuwa anafanya. Kosa ulilojitwika, sehemu yake kubwa ni yangu, na nakuomba uniachie niibebe. Ile ya msumeno ni yako. Hiyo kaa nayo.

Mkono wa kushoto ulikataa kwa siku nyingi, ndiyo maana nimechelewa. Sasa sikiliza.

La kwanza: mama yako ampe Bi Jasbir ufunguo, leo, kabla hajavua viatu.

La pili: vipimo vya tundu ninavyo, ulinitumia mwenyewe. Nimechonga wavu wa mbao ya mvule wa kukaa mbele ya ule wa chuma, usio na kazi yoyote ila kupendeza. Matundu yake ni mapana kuliko ya chuma, hewa haitazuiliwa. Bwana Kewal aukague kwanza. Akiukataa, utundike ukutani kama picha.

La tatu: ndani ya bahasha hii mna barua ya Bwana Kewal, kutoka fundi kwa fundi. Usiifungue.

La nne: Walter anavaa viatu namba kumi na tatu vya watoto, na ameanza kuaga upya. Mbuzi ameagwa mara ya pili.

Juu ya yule mwenye kofia, umemjibu vizuri zaidi ya ambavyo ningemjibu mimi. Ningemjibu kwa randa.

Nyanya amefunga karafuu na pilipili manga kwa ajili ya Bi Jasbir. Mwambie ni kwa ajili ya chupa mbili.

Mumeo mzee,
Bethuel


Saltley
15 Agosti 1971

Mume wangu mzee,

Shikamoo, na mwambie Nyanya aninyang'anye mume ukianza kuringa.

Walter amefika Jumatano. Alikuwa na kibandiko cha jina shingoni, mfuko mmoja, na wavu wako wa mvule kifuani ndani ya koti. Alikataa mhudumu wa ndege auweke juu. Mama alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia. Badala yake alimvua kofia akamnusa kichwa.

Bwana Kewal aliukagua wavu kwa dakika nyingi. Aliutia mwanga wa jua, akapuliza, akapitisha kidole kwenye kila tundu. Akasema, "Huyu mzee najua kazi." Kisha akaufunga mwenyewe kwa skurubu nne. Barua yako aliisoma amesimama barabarani na sare ya basi, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Bi Jasbir amemuuliza mara tatu umeandika nini. Anasema ni mambo ya mafundi. Nami sitauliza.

Wavu ulipokwisha kaa, Walter alipiga magoti nyuma ya kochi akaweka kiganja mbele yake. Akakaa hivyo, anafikiri, kama wewe unapopima mbao.

"Upepo unaingia," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

"Sasa mbona hamzibi?"

Mama alinitazama, nikamtazama Bwana Kewal. Bwana Kewal akaokota bisibisi yake. "Andikia babu yako," akasema, "yeye najua kabisa." Tukacheka mpaka Walter akakasirika.

Uliniambia nisikujibu kwa neno moja, na sasa nimekuandikia kurasa nyingi kwa mwaka mzima. Naongeza ya leo asubuhi. Tulikaa kuzungumza jana mpaka Walter akasinzia katikati ya hadithi ya mbuzi, kwa hiyo leo tulichelewa kuamka wote watatu. Nikasikia ufunguo mlangoni, halafu miguu kwenye ukumbi, halafu chupa zikiwekwa mezani jikoni. Ndipo Bi Jasbir, akiwa amekwisha fika ndani kabisa, akaita hodi. Walter akauliza kutoka kitandani ni nani. Akajibiwa, "Ni mimi. Chupa iko tatu sasa, mimi nahesabu."

Mwambie Nyanya karafuu zimependwa. Walter anasema hajamwona yule ndege bado, lakini kesho ataamka mapema amngoje.

Wajukuu wako,
Charity na Walter